Siku Niliyojifanya Sielewi Lugha Yetu

Baraka, alasiri, boti yako ikiondoka kesho

Mwanangu Riziki,

Maagizo ya safari utapewa na baba yako, na naona ameshaanza. Tangu saa nne yuko uani anafunga sanduku lako kwa waya, analifungua, analifunga tena, na kila akilifunga anakumbuka jambo jingine la kukuonya: maji ya kunywa, wezi wa bandarini, dawa ya malaria. Msikilize, nimemwachia yeye hayo yote. Mimi nimekaa hapa mlangoni na karatasi nilizochana kwenye daftari la zamani la kliniki, na moyo unanidunda kana kwamba anayesafiri ni mimi.

Unaenda kuuliza maswali! Tangu juzi najirudia maneno hayo nikifagia, nikisonga bugali, hata kanisani. Binti yangu ataketi mbele ya wakunga, walimu na wagawa chakula wa kule kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa Tanzania, awaulize wamechoka kiasi gani na uchovu huo umewafanya nini. Kisha atawauliza wakimbizi jinsi wanavyojifunza kuishi kwa watu. Jana pale sokoni mama mmoja muuza samaki wa ndagala alinishika mkono. "Eti Riziki anaenda kulipwa juu ya kuuliza batu kama banachoka? Akuye aniulize miye, nitamujibu bure!" Nilicheka mpaka nikaweka beseni chini.

Lakini kazi hiyo naijua. Miaka ile kambini mimi ndiye niliyeulizwa. Na kuna jambo nililolifanya kabla ya kuulizwa ambalo sijawahi kukusimulia. Ulikuwepo kambini, ila ulikuwa mdogo, na mimi nilihakikisha hujui. Kesho utakuwa upande ule ule wa ziwa, na unaweza kukutana na mtu atakayekusimulia. Afadhali ulisikie kwangu.

Vita vya kwanza vilipotufikia ulikuwa darasa la sita. Tulivuka ndani ya boti ya samaki, wewe na mimi na sufuria moja, na baba yako alikuwa Mboko kwa kaka yake. Miezi mingi hatukujua kama yuko hai. Kambini niliposema mimi ni mkunga, walinipa aproni kesho yake tu. Sitakuficha, nilifurahi. Wenzangu walishinda wamekaa mbele ya mahema wakitazama njia, mimi nilikuwa na mahali pa kwenda na watu wananiita kwa haraka.

Kosa langu lilianzia hapo, na lilikuwa na sura nzuri sana. Kila nilipokaa kitako nilimwona baba yako barabarani, kati ya Mboko na Baraka, na askari mbele yake. Basi sikukaa. Mwenzangu akisema anaumwa kichwa, nilichukua zamu yake. Akisema ana mgeni, nilichukua pia. Wakaniita "mama chuma", na jina lile nililipenda. Wewe ulikuwa unapika peke yako, unanifunikia bugali na mboga ya sombe, nami nakuja kula chakula kimekuwa baridi bila hata kukuuliza umeshindaje. Siku moja uliniambia, "Mama, leo nilikuwa wa pili darasani." Nikakujibu, "Osha ile sufuria." Unakumbuka? Mimi nakumbuka.

Jambo la pili lilikuwa la ulimi. Pale kliniki tulifanya kazi na wakunga wa Tanzania, na mkubwa wetu wa zamu alikuwa dada mmoja wa Kasulu, Zuhura, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi kuliko mikono yote niliyowahi kuiona. Alinipenda. Lakini niliposema "batoto" au "munakuya wapi", wasichana wa chumba cha dawa walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka kusikia jogoo akiwika mchana. Mimi nikaona wananicheka mimi, na ziwa letu, na mama yangu huko Lweba. Nikaanza kusema kama wao. Nikanyoosha kila neno. Nilipozoea, nikakuletea na wewe: nyumbani hakuna Kibembe, lugha ya mama yangu, na Kiswahili chetu cha Baraka nikakisahihisha mdomoni mwako kama mwalimu mwenye fimbo. Ukamkumbuka bibi yako, ukaniuliza, "Na koko nitamusemesha aye?" Nikakujibu, "Koko yuko mbali."

Ona sasa mtu niliyekuwa. Sikulala vya kutosha, sikumlilia mume wangu, sikumsikiliza mtoto wangu, na nilikuwa nimeficha lugha yangu kama mtu anayeficha kidonda. Na bado kila mtu alinisifu.

Mchana mmoja wa jua kali wakamleta mwanamke wa kwetu, Mama Sifa, mwenye uchungu wa mtoto wa tatu. Nilimtambua mara moja. Alitoka Lweba, upande wa juu wa barabara, na ukoo wao wote wana ule uwazi kati ya meno ya mbele. Yeye pia alinitambua, nikaona uso wake unafunguka kwa furaha. Akaanza kuniambia mambo kwa Kibembe, haraka haraka, akinishika aproni. Wasichana wa dawa walikuwa wamesimama pale. Nikajitoa mikononi mwake nikamwambia:

"Sema Kiswahili."

Akadhani sikusikia. Akarudia. Nikasema tena, kwa ile sauti yangu iliyonyooka, "Mama, hapa tunasema Kiswahili. Na upunguze kelele, si wewe wa kwanza kuzaa."

Alinitazama kidogo, akageuza uso ukutani, na hakuniambia neno lingine.

Mtoto alitoka vizuri, mvulana mwenye sauti. Ila kondo la nyuma halikutoka. Damu ikaanza, na ikaendelea, na mimi nilisimama pale na mikono yangu kama si yangu. Zuhura alinisukuma pembeni kwa nyonga. Aliingiza mkono akalitoa kondo lile yeye mwenyewe, huku anamwita daktari, huku ananipigia kelele nilete maji ya mshipa. Kelele zile ndizo zilizonirudishia akili. Tulihangaika mpaka jua likaegemea. Mama Sifa alipofumbua macho akaomba maji, Zuhura akakaa chini sakafuni, miguu imenyooka, aproni yote nyekundu.

Akaniuliza, "Yule mama alikuwa anakuambia nini alipofika?"

Ningeweza kudanganya. Kibembe hakukijua hata neno moja.

"Alisema uzazi uliopita kondo lilikwama. Alitoka damu mpaka akazimia. Aliomba tujiandae."

"Na wewe ulielewa?"

"Nilielewa."

Zuhura hakunigombeza. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye amepoteza kitu njiani na hajajua. Akasema, "Dada, wewe hata sijui kama unaumwa au umechoka. Lakini kesho usije. Na keshokutwa usije." Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Ukija nitakurudisha mlangoni." Nilikwenda kesho yake, Riziki, na kweli alinirudisha mlangoni, mbele ya wote.

Siku zile mbili nililala. Nilijiona kama mtu anayeshuka kisimani, silali bali ninazama. Ulikuwa unakuja kuniangalia kama napumua.

Wiki chache baadaye ndipo akaja yule mtafiti kutoka Dar es Salaam, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, sote tukamwita Mwalimu. Alikuwa na mafungu mawili ya maswali. La kwanza liliwahusu wafanyakazi wanaochoka kwa kuhudumia watu, la pili liliwahusu watu waliohamia ugenini. Maswali yalikuwa kwa Kifaransa na Kiingereza, naye alitaka wenyeji wa kila upande wamsaidie kuyaweka katika Kiswahili ambacho mtu wa Baraka na mtu wa Kasulu wote watakielewa. Zuhura akaandika jina langu bila kuniuliza.

Sijui nikueleze vipi raha ya siku zile! Tulikaa chini ya turubai, mimi, Zuhura, Mwalimu, na mzee Etabo aliyekuwa akifagia kliniki, aliyetoka Fizi kule milimani. Tukagombania maneno kama watu wanaogombania samaki. Neno gumu kuliko yote lilikuwa lile la kwanza kabisa. Mwalimu alitueleza kwamba kwa Kifaransa ni kama kisima kilichochotwa mpaka tope. Zuhura akasema, "Andika kuchoka, tuendelee."

Nikakataa. "Kuchoka kunaondoka ukilala. Hiki hakiondoki."

"Basi kukata tamaa."

"Hapana. Mtu huyu bado anafanya kazi. Tena anafanya sana."

Mzee Etabo alikuwa ameegemea ufagio wake. Akasema, "Kwetu tunasemaka tu: mutu ameisha. Anatembea, anakula, anafanya kazi, lakini ameisha."

Mwalimu akavua miwani akaandika, na Zuhura akaandika pembeni jinsi wao wangelisema, na mimi nikajisikia kama mtu aliyetafuta jina la ugonjwa wake miezi yote akalikuta kwenye mdomo wa mfagiaji. Nilitaka kuruka. Mwanangu, hakuna aliyenitibu siku ile, lakini kujua kwamba jambo lako lina jina, na kwamba watu wa Fizi walikuwa wamelipatia jina hilo bila kusoma popote, ni furaha ambayo bado sijaipatia kifani.

Baadaye tukajaribu maswali sisi wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu akaniuliza moja: je, kuna wakati unamhudumia mtu lakini humwoni tena kama mtu? Nikaweka kalamu chini. Nikamsimulia kuhusu Mama Sifa, yote, hata ile "si wewe wa kwanza kuzaa". Tulipofika fungu la pili, akaniuliza kama kuna mahali ambapo naficha lugha yangu au asili yangu ili nikubaliwe. Nikacheka kwa uchungu. Maswali yalikuwa katika mafungu mawili, kwa kuwa yalitungwa na watu wawili tofauti huko vyuoni. Lakini mimi yote mawili yaliniuliza habari za siku ile ile moja.

Nikamwambia, "Mwalimu, sasa nieleze. Nilimfanyia vile kwa sababu niliisha, au niliisha kwa sababu nilikuwa najificha?"

Akajibu, "Sijui, Mama Riziki. Ningekuwa najua nisingetembea na karatasi zote hizi."

Nilimpenda kwa jibu lile. Ukae nalo. Utakutana na watu watakaotaka uwape jibu papo hapo kwa kuwa umeshika karatasi. Matokeo ya karatasi zile sikuwahi kuyaona, wala sikuyahitaji.

Nilichohitaji ni kwenda kwa Mama Sifa. Nilichukua siku nyingi. Nilipita karibu na hema lake mara tatu nikijifanya natafuta kuni. Mara ya nne akanikuta mwenyewe, amempakata mtoto, na mbele yake rundo la mihogo. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga, kwa Kibembe safari hii. Aliniachia niseme kama nusu. Akasema kwa Kiswahili chetu:

"Nilijua unanisikia. Macho yako yalinisikia. Ni kinywa kilikataa."

"Nisamehe."

"Nitaona. Ikala chini kwanza. Mihogo ile iko mingi, saidia kumenya."

Nikamenya. Rundo zima, Riziki, na hakunisemesha mpaka muhogo wa mwisho. Kisha akaniuliza kama habari za mume wangu zimefika. Hakuna mtu kambini aliyekuwa ameniuliza hivyo, kwa sababu mama chuma hakumpa mtu nafasi ya kuuliza. Nikalia pale na kisu mkononi, nikilia kilio ambacho kilikuwa kinanisubiri tangu ufukwe wa Baraka. Mama Sifa akanitazama akasema, "Eh! Kumbe uko mutu." Tukacheka, kamasi zinanitoka. Tangu siku ile tulikuwa marafiki, ingawa kila aliponitambulisha kwa watu alisema, "Huyu ndiye alitaka kuniua." Mtoto wake yule mwenye sauti ni kijana sasa, na nasikia bado wako huko. Ukimkuta Mama Sifa, mwambie mimi bado namenya.

Ningependa kukwambia kwamba nilirekebisha yote. Lakini unajua kilichotokea Lweba.

Vita vile vya kwanza vilipotulia tukarudi, tukamkuta baba yako hai, amekonda, anacheka. Siku ya tatu tukaenda kwa koko. Mama yangu alikuwa ameandaa samaki wa mgebuka na bugali, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alikushika uso kwa mikono miwili akaanza kukubariki kwa Kibembe, mbele ya binti za jirani waliokuja kukuona. Nawe ukasema, kwa ile sauti iliyonyooka:

"Sema Kiswahili, koko."

Hukuwepo kliniki siku ile ya Mama Sifa, hakuna aliyekusimulia. Maneno yale yale! Koko alikuachia uso akaenda kugeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. Wewe ulinitazama ukitaka nikusifu. Ulikuwa mtoto mwema, ulikuwa umejifunza vizuri sana kwa mama yako.

Sikukugombeza, ningekugombeza kwa lipi? Nilikuacha Lweba miezi mitatu, na ulinichukia kwa hilo. Ulidhani ni adhabu. Nilikuwa naomba msaada kwa mama yangu. Alikurudishia nilichokunyang'anya, polepole, shambani na ufukweni, na uliporudi Baraka ukawa unanitania kwa Kibembe kigumu cha wazee ambacho hata mimi sikukijua chote. Kisha vita vya pili vikaja, na mara mbili tulipokimbilia milimani ni wewe uliyezungumza na wazee wa kule wakatufungulia mlango.

Sasa nikuambie kitu kingine ambacho hukijui. Barua ya kwanza ya Mwalimu ilinijia mimi. Wafanyabiashara wa boti waliileta miezi sita iliyopita. Aliuliza kama nitavuka kufanya naye kazi ile tena. Niliisoma mara tano. Nikaenda materinite, kwenye wodi yetu ya wazazi, siku hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na yule msichana ninayemfundisha, na akaja kuzaa mwanamke wa milimani, mfugaji, asiyejua lugha yetu wala sisi yake. Alikuwa anaogopa kila mlango ukifunguliwa. Nikamtuma msichana akatafute mtu yeyote wa kutufasiria, akamleta muuza maziwa mmoja, mama mtu mzima, na mambo yakaenda. Nilipotoka nje nilikuwa nimechoka, na nikalala, na asubuhi uchovu haukuwepo. Nikajua bado naipenda kazi hii. Nikamjibu Mwalimu kwamba mimi nabaki hapa, na hata sikukutaja. Timu yake ilipokuja kufanya mtihani katika ukumbi wa parokia, uliingia na wengine kumi na tisa, na hakuna aliyejua wewe ni wa nani. Ulipotoka ulisema, "Walituuliza neno la mtu aliyechoka kupita kiasi. Niliandika lile la wazee." Baba yako akauliza lipi, na mimi nikaingia jikoni nikajifungia, nikacheza peke yangu kama mwendawazimu.

Utakapokuwa huko watu watakucheka kwa namna unavyosema. Cheka nao, kisha endelea kusema. Jifunze ya kwao pia, kwa hamu, mpaka wakuulize kama umezaliwa kwao. Zuhura aliniokoa kwa mikono iliyofundishwa kwao. Na wakikuita jina zuri la kukusifia kwa kazi nyingi, nenda ukalale. Mimi sijui zaidi ya hapo, na hilo lenyewe nalisahau kila baada ya miezi michache, muulize baba yako.

Jambo moja limenisumbua tangu juzi. Nilitaka kukupigia vigelegele, lakini unajua jirani yetu, Mama Wilondja, mwanawe aliuawa njia ya Fizi na hajatoka matangani. Nikajizuia. Nikafunga kinywa mpaka taya zinaniuma. Sasa hivi, nikiandika mstari huu wa juu, amekuja hapa mlangoni na kitambaa chake cheusi kichwani. Nilisimama kumpa pole. Akanikatiza.

"Mama Riziki, ni kimya gani hiki kwako? Mutoto anaenda kazi na munakaa kama kwetu kuna ugonjwa?"

Nikamwambia kwamba tulikuwa tunamheshimu.

Akasema, "Miye nimelia mwezi muzima. Nataka kusikia kitu kingine. Kesho boti ikiwasha moteri, usipopiga weye, nitapiga miye."

Ameshika njia ya mchanga, mwanangu, na amekwenda nyumbani kutafuta kitenge cha rangi. Basi kesho tutakuwa wawili pale ufukweni. Ukisikia kelele nyuma yako zinazidi moteri, usione haya mbele ya abiria wenzako. Waambie ni za kwenu.

Mama yako